Uchambuzi wa kisa: sakafu ya jiko iliyobanduka Mbeya, na jinsi ya pili ilivyochaguliwa

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya mafundi wachanga na familia zinazokaribia kutoa fedha za sakafu ya jiko. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba anayechagua sakafu ya jiko ana mambo mawili ya kuanza nayo: kinachopanda kutoka ardhini na kinachoangukia juu yake kila siku. Rangi na mng'ao vina nafasi yao, baada ya hayo mawili kujibiwa.

Nyumba na watu wake

Nyumba iko jijini Mbeya, upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo mvua ikinyesha maji ya majirani wa juu hupitia uani. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba hadi Aprili au Mei, kisha Juni na Julai huingia baridi ya kuvaa sweta hata mchana. Maji na baridi ndivyo vilivyoamua mengi katika kisa hiki.

Wanaoishi humo ni mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu. Mumewe, ambaye husafiri mara kwa mara kwa biashara ya mazao. Bibi, mama mzazi wa mume, aliyevuka miaka 70 na magoti yanamsumbua. Watoto wawili wa shule. Na dada wa kazi. Huyu dada namtaja kwa makusudi. Ndiye anayesimama juu ya sakafu ile kuliko mtu mwingine yeyote, na sakafu ya kwanza ilipochaguliwa hakuulizwa lolote.

Chumba cha jiko kina mita 3.6 kwa 4.2, dirisha moja dogo na mlango wa kutokea uani. Chai na mboga hupikwa kwenye gesi ya mafiga mawili. Maharage na ndizi za Tukuyu, vinavyotaka moto wa muda mrefu, huenda kwenye jiko la mkaa. Kuna sinki moja, lakini bomba hukatika, kwa hiyo maji hukaa kwenye pipa na ndoo. Pembeni pana kinu cha kutwangia karanga. Ukihesabu vinavyofika sakafuni hapo unapata maji, mafuta, kaa la moto, mshindo wa mchi, na miguu ya watu wanaovua viatu mlangoni.

Sakafu ya asili ilikuwa niru, yaani uso laini wa saruji uliopigwa juu ya zege, ya tangu nyumba ilipojengwa. Ilikuwa na nyufa, na karibu na sinki palishabonyea kiasi cha kutuamisha maji.

Sakafu ya kwanza

Sebule ya nyumba hiyo ilikuwa imewekwa marumaru za sentimita 60 kwa 60, nyeupe zenye mishipa ya kijivu, zile zinazong'aa mpaka unaona taa ndani yake. Maboksi kadhaa yalibaki. Mama akaona yatumike jikoni, na sababu zake hazikuwa za ovyo: mzigo ulikuwa umeshalipiwa, jiko lenye dirisha moja lingepata mwanga, na nyumba ingeonekana kitu kimoja toka sebuleni hadi nyuma.

Fundi aliyeletwa alikubaliana bei kwa mita ya mraba na kuahidi siku mbili. Alisafisha niru ya zamani, akachanganya mchanga na saruji, akaweka marumaru juu. Niru haikuvunjwa wala kukwaruzwa. Ilikuwa Oktoba, kila kitu kikavu, na kazi ilipokwisha ilipendeza kweli.

Desemba, mvua ziliposhika, baadhi ya vipande vilianza kutoa mlio wa kitu kilicho tupu ndani kila mtu alipokanyaga. Januari ulionekana unga mweupe kwenye maungio, kisha grauti, ule ujazo wa kati ya marumaru na marumaru, ikaanza kumeguka vipande vipande. Februari bibi aliteleza. Alikuwa amebeba kikombe tu, akitoka kwenye sinki, na sakafu ilikuwa na maji ya kuoshea vyombo. Kifundo cha mkono kiliteguka, na kwa wiki nyingi hakuingia tena jikoni bila kushikwa mkono.

Familia ikafanya kile ambacho wengi tungekifanya kwa haraka: ikanunua kapeti la plastiki, lile la maua linalouzwa kwa mita, likatandikwa juu ya marumaru zote. Kuteleza kukapungua. Lakini kaa lililodondoka kwenye jiko la mkaa likatoboa kapeti, na kufikia Aprili chumba kilikuwa na harufu ya uvundo. Walipolifunua walikuta ukungu mweusi umetanda chini yake, na vipande vitatu vya marumaru vikicheza vyenyewe. Ndipo nilipoitwa.

Tulichokikuta

Ukaguzi wa sakafu ya namna hii hauhitaji mashine. Tuligonga kila kipande kwa sarafu na kuweka alama ya chaki pale palipolia kwa utupu. Zaidi ya nusu ya chumba kilijaa chaki, hasa upande wa ukuta wa nyuma.

Tuliinua kipande kimoja. Mgongo wake ulikuwa msafi, kama umetoka dukani, na chini yake yalibaki madonge matano ya mchanga na saruji: manne pembeni, moja katikati. Hili ni la kusimama nalo kidogo, kwa sababu lina makosa mawili yanayofichana.

La kwanza ni madonge. Marumaru iliyowekwa kwa madonge ina hewa chini yake kwa sehemu kubwa. Uzito ukitua pasipo na donge, sufuria ikianguka au mchi ukidunda, kipande hakina kinachokibeba, kwa hiyo huvunjika au huachia. Na ule uwazi hugeuka ghala la maji.

La pili ni aina ya marumaru yenyewe. Zile za kung'aa zilikuwa poselini, ambayo kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Marumaru nyingi za ukutani hufyonza zaidi ya asilimia 10. Saruji ya kawaida hushika kwa kupenya kwenye vitundu vidogo vya kitu inachobandikwa. Poselini karibu haina vitundu hivyo. Mafundi wetu wengi walijifunzia kazi kwenye vigae vya zamani vilivyokunywa maji, vile vilivyolowekwa kwenye ndoo kabla ya kuwekwa, na kwa vigae vile mchanga na saruji vilitosha. Fundi huyu alifanya alivyofundishwa; bidhaa ndiyo iliyobadilika. Poselini inataka gundi ya marumaru, ile ya mfuko yenye viambato vya kunatisha.

Kisha tukaangalia chini zaidi. Tulibandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya niru iliyofunuliwa, kingo zote zikazibwa kwa utepe wa kunata, tukakiacha hadi kesho yake. Asubuhi upande wa chini ulikuwa na matone. Maji yalikuwa yanatoka ardhini. Tulipochimba kwenye kona hatukukuta nailoni ya kuzuia unyevu chini ya jamvi, yaani tabaka la zege linalobeba sakafu, na zege lenyewe lilikuwa jembamba, limemwagwa juu ya kifusi cha udongo. Unyevu ulikuwa unapanda kwenye udongo na zege kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Unga mweupe ulikuwa chumvi: maji hupanda nayo, hukauka kwenye maungio, huiacha hapo.

Nje ya ukuta wa nyuma palikuwa na bustani ya maua. Udongo wake, uliojazwa mwaka baada ya mwaka, ulikuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Paa halikuwa na gata, hivyo maji yote ya upande huo yalidondokea kwenye bustani ile ile. Mama alipoelezwa alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Kwa hiyo nimekuwa nikimwagilia jiko langu." Ndivyo ilivyokuwa.

Uamuzi wa kwanza haukuhusu marumaru

Fedha iliyokuwepo ingetosha kununua marumaru nzuri na kumlipa fundi mzuri. Baba alipendelea hivyo, kwa hoja kwamba gundi ya kisasa ingeshika. Nilipinga, na bado naamini nilikuwa na haki ya kupinga. Gundi ingeshika kwa muda, lakini maji yangeendelea kupanda, na mwaka unaofuata yangetafuta njia kupitia ukuta na kubandua plasta.

Tulikubaliana kazi ianze nje. Udongo wa bustani ulishushwa hadi ukawa chini ya sakafu kwa sentimita 20 hivi. Paa la nyuma likapata gata na bomba la kuyapeleka maji mbali. Ukanda wa zege ukamwagwa kando ya ukuta, ukiinamia nje, na mfereji mdogo ukachimbwa kuyapokea maji ya mteremko. Hayo yalifanyika Juni na Julai, ardhi ikiwa inaanza kukauka.

Ndani, jamvi la zamani lilivunjwa lote. Kulikuwa na pendekezo la kupaka dawa ya kuzuia maji juu yake kwa gharama ndogo zaidi, na pengine lingefaa kwa jamvi zima lenye unyevu kidogo. Hili lilikuwa jembamba na lenye nyufa, na upakaji wowote hupasuka pale zege linapopasuka. Kifusi kilitolewa, mawe yakapangwa na kushindiliwa, mchanga ukatandazwa juu ili mawe yasitoboe, kisha nailoni nzito, mapande yakipandana vizuri na kingo zikikunjwa kupanda ukutani. Juu yake zege la sentimita 10.

Zege hilo lilimwagwa Agosti. Mbeya mwezi huo hewa ni kavu na upepo unapuliza mchana kutwa, kwa hiyo zege hukauka juu kabla halijakomaa ndani. Lilifunikwa kwa nailoni na kumwagiliwa wiki nzima. Baada ya hapo likaachwa mpaka siku 28 zipite, kwa sababu zege jipya husinyaa na marumaru ikiwahi kuwekwa juu huvutwa nalo na kupasuka. Familia ilipikia kwenye banda uani muda wote huo. Dada wa kazi ndiye aliyeubeba mzigo wa mwezi ule, na sioni haki kuliacha bila kulisema.

Mjadala wa nini kiwekwe juu

Huku chini kukikomaa, tulikaa kikao cha familia, safari hii na dada wa kazi na bibi wakiwemo. Niliomba kila mmoja aseme kwanza anafanya nini jikoni, ndipo aseme anataka sakafu gani. Kikao kilikuwa kirefu.

Baba alitaka mbao za lamineti. Aliziona kwenye nyumba moja Dar es Salaam na alisema ukweli kwamba hazitoi ubaridi kwa mguu. Mbao hupitisha joto polepole, kwa hiyo mguu haupokonywi joto lake kama unavyopokonywa na saruji au marumaru, na kwa Julai ya Mbeya hiyo ni hoja nzito. Lakini kiini cha lamineti ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Maji yakikaa kwenye maungio, kingo huvimba na hazirudi. Kwenye chumba chenye pipa la maji na kaa la moto isingemaliza mwaka. Akauliza basi mbao halisi, maana tuko jirani na Mufindi, na msitu wa Sao Hill unatoa paini nchi nzima. Paini ni laini: mchi ungeichimba na mafuta yangeingia yasitoke. Mninga ungevumilia zaidi, kwa bei ambayo hakuna aliyeitaka, na bado ungeogopa maji.

Kapeti la plastiki halikuwa na mtetezi tena. Hata hivyo nisilishushe thamani bila sababu. Kwenye chumba cha kupanga, chenye sakafu kavu na kinachopikiwa gesi tu, linafaa na ni la bei nafuu. Hapa moto ulikuwa umeshalitoboa.

Terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe iliyosagwa ikawa laini, nilipenda liwekwe mezani kwa sababu hudumu vizazi. Lakini linahitaji mashine ya kusaga na fundi anayelijua, na kwa chumba kimoja gharama ya kumleta haikuwa na uwiano. Isitoshe, vipande vyake vya mawe vikiwa vya marumaru asilia, ndimu na siki huvila na kuacha madoa.

Bibi alitaka niru nyekundu. Alisema: "Mwanangu, kwetu tulipiga ile nyekundu. Kinu kilikaa juu yake, moto ulikaa juu yake, na hakuna aliyeanguka." Katika vikao vya namna hii maneno ya wazee huheshimiwa halafu hupitwa. Nilimwomba aeleze zaidi, kwa sababu kiufundi alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Niru iliyopigwa vizuri ni kipande kimoja kisicho na maungio, haivunjiki kwa mchi kama marumaru, na kaa likiidondokea huacha doa tu. Udhaifu wake ni kwamba hunywa mafuta, hutoa vumbi ikizeeka, na ubora wake uko mikononi mwa aliyeipiga. Tena wanaoipaka polishi mpaka ing'ae huwa wameondoa faida yake kubwa, kwani nta ikilowa huteleza kama sabuni.

Mama alitaka marumaru bado, kwa ajili ya usafi. Hoja yake nayo ilikuwa ya kweli: mafuta ya kupikia yakimwagika kwenye poselini hufutwa yakaisha.

Aliyefungua njia ni dada wa kazi. Alisimama, akaonyesha kwa mguu: "Maji hayamwagiki pale kwenye sinki. Yanamwagika hapa ninapotua ndoo, na hapa ninapochujia wali. Mkaa nauwashia mlangoni kisha nauingiza hapa." Kwa maneno hayo chumba kikagawanyika chenyewe. Kando ya mlango wa nyuma pakawa pa moto na kinu. Kwingine kote pa maji na mafuta.

Uamuzi ukawa huu: eneo la mita 1.2 kwa 1.5 karibu na mlango wa nyuma lipigwe niru nyekundu bila polishi. Mita za mraba 13.32 zilizobaki ziwekwe poselini isiyong'aa, ya rangi ya udongo wa kijivu, vipande vya sentimita 30 kwa 30. Udogo wa vipande ulikuwa na sababu. Maungio mengi huupa mguu mahali pa kushika usiteleze, kipande kidogo hufuata mwinamo wa sakafu bila kuacha ngazi, na kikivunjika kimoja unabadilisha kidogo. Ukigawa 13.32 kwa 0.09 unapata vipande 148. Tukaongeza asilimia 10 ya kukata na akiba, vikawa 163.

Dukani

Hapa nitaenda haraka, ila kuna majaribio matatu ambayo kila mnunuzi anaweza kuyafanya kaunta na muuzaji mwema hakatai. Geuza kipande na udondoshee maji mgongoni; yakinywewa papo hapo, hicho si cha kuweka palipo na maji. Lowesha uso wake kwa maji yenye sabuni, kiweke chini na ukikanyage kwa ndala unazovaa nyumbani. Kisha soma boksi: alama ya R ikifuatwa na namba hueleza uwezo wa kuzuia kuteleza, ambapo R9 ndiyo ya chini na R10 au zaidi ndiyo tuliyoitafuta. PEI, kuanzia 1 hadi 5, hueleza uso unavyovumilia kuchubuka, na hiyo haisemi chochote kuhusu kuteleza ingawa wauzaji huzichanganya. Maboksi mengi hayana alama ya R kabisa. Hapo ndala na maji ya sabuni ndiyo hakimu.

Tulihakikisha pia namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, kwa sababu rangi hutofautiana toleo hadi toleo.

Kazi yenyewe

Fundi wa pili alilipwa kwa hatua, na hatua ya mwisho ilitolewa baada ya kugonga sarafu chumba kizima. Hakulipenda sharti hilo mwanzoni. Alipoelezwa kisa cha sakafu ya kwanza alilikubali, na kazi yake ilikuwa nzuri.

Sakafu ilipewa mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlango wa nyuma, na ikawekwa chini kidogo kuliko ya sebule, ili maji yakimwagika mengi yasiingie ndani. Gundi ilitandazwa kwa mwiko wa meno, sakafu nzima bila kuacha tupu, na mgongo wa kila kipande nao ukapakwa. Kila baada ya muda kipande kimoja kiliinuliwa kuona kama gundi imeenea. Nafasi ya milimita chache iliachwa pembeni mwa kuta zote, ikafunikwa na skating, ule ukanda wa chini ya ukuta.

Niru ilipigwa siku ileile ya plasta ya chini yake, saruji ikichanganywa na unga wa rangi nyekundu, ikafunikwa na kumwagiliwa kama zege.

Mambo mawili familia iliamua yenyewe. Mama alichagua grauti nyeupe, kwa ajili ya mwanga. Na ule mstari ambapo niru inakutana na marumaru, nilikokuwa nimependekeza kipande cha aluminiamu na silikoni (ujazo unaonyumbuka kama mpira), ulijazwa grauti ya kawaida ili kuokoa fedha, ambayo kwa kweli ilikuwa imekwisha.

Baada ya mvua moja na baridi moja

Mvua zilianza Novemba. Kwa miezi yote ya mvua hakukuwa na unga mweupe, wala harufu. Aprili tuligonga tena: hakuna kipande kilicholia. Bibi anaingia jikoni mwenyewe, na ana ndala zake za mpira zinazokaa mlangoni.

Grauti nyeupe karibu na gesi ilikuwa nyeusi kufikia Februari, mafuta na masizi pamoja. Kusugua hakukusaidia. Ilikwanguliwa sehemu hiyo na kujazwa ya kijivu cha giza.

Mstari kati ya niru na marumaru ulipata ufa mwembamba Januari. Niru na poselini hupanuka na kusinyaa tofauti, na hapa upande mmoja hukaa jiko la mkaa. Ufa ulifunguliwa na kujazwa silikoni. Umekaa vizuri tangu hapo, ingawa maji yaliyopenya kabla ya matengenezo yaliacha doa kwenye niru.

Juni ilileta lalamiko tulilolitarajia: ubaridi. Kwanza waliweka mkeka mahali bibi anapokaa kuchambua maharage na mchele wa Kyela. Mkeka ulilowa, ukawa unateleza juu ya marumaru, na kwa siku chache tulikuwa tumeirudisha hatari ileile kwa mlango mwingine. Ukaondolewa. Badala yake fundi mbao alitengeneza kichaga kifupi cha mbao chenye mapengo, chenye miguu ya mpira, ambacho bibi huweka miguu juu yake akiwa kwenye kiti. Huanikwa juani Jumamosi.

Katika baridi hiyo pia watoto walianza kufunga mlango na dirisha huku jiko la mkaa likiwaka, ili chumba kipate joto. Nje ya mada ya sakafu, lakini siwezi kulipita: moshi usioonekana wa mkaa huua watu wakiwa usingizini. Dirisha lile sasa limetolewa kitasa ili lisifungwe kabisa.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni mpangilio wa fedha. Zaidi ya nusu ilikwenda kwenye gata, mfereji, mawe, nailoni na zege, mahali ambapo mgeni haoni. Marumaru zenyewe zilikuwa za bei ya chini kuliko zile za sebuleni. Kama mpangilio ungegeuzwa, marumaru ghali juu ya jamvi bovu, kisa hiki kingeandikwa mara ya tatu.

Kugawa sakafu kulitokana na kuuliza kazi kabla ya kuuliza matakwa. Swali la "unataka nini" lilikuwa limetupa lamineti, niru na marumaru, na watu watatu wasiokubaliana. Swali la "unafanya nini hapa" lilitoa ramani. Ningependa fundi yeyote anayesoma aanze na mtu anayepika, hata kama si yeye anayelipa.

Kuhusu msimu, familia ilikuwa na bahati kwa kuwa uvundo ulionekana Aprili na si Oktoba. Ulikuwepo muda wa kushusha udongo, kumwaga zege na kusubiri siku 28 kabla ya Novemba. Kwa nyanda za juu kusini kazi ya jamvi inayoanza Oktoba hukimbizana na mvua, na anayekimbizana na mvua huruka kusubiri.

Kuhusu kilichoshindikana, grauti nyeupe ilikuwa chaguo la macho kwenye sakafu iliyochaguliwa kwa kazi. Ule mstari wa kati ni jambo zito zaidi. Kila mahali vitu viwili vya asili tofauti vinapokutana panahitaji kitu kinachonyumbuka, na panapaswa kuwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo kama sehemu ya sakafu. Palipobaki mwishoni, pesa ikiwa imekwisha, paliachwa. Ningefanya kazi kama hii tena, kipande cha aluminiamu kingenunuliwa siku moja na marumaru.

Suala la ubaridi halikutatuliwa na sakafu. Lilitatuliwa kwa kichaga na ndala. Naona hilo ni sawa. Hakuna kitu kimoja kinachovumilia maji, kaa, mchi na mafuta na wakati huohuo kuwa na joto kwa mguu mtupu, na kati ya hatari ya kuteleza na kero ya ubaridi, ya pili ina dawa rahisi.

Limebaki jambo moja ambalo familia haijaamua. Sebule ina marumaru zilezile za kung'aa, zilizowekwa na fundi yuleyule, juu ya jamvi lilelile lisilo na nailoni. Tumegonga: vipande saba vinalia, vyote karibu na mlango wa kuingilia jikoni, na hakuna kinachocheza. Ushauri wangu umekuwa kuacha kwanza gata na mfereji vifanye kazi mvua moja zaidi, kuweka alama vipande hivyo, na kugonga tena Mei. Vikibaki saba, vitabadilishwa hivyo tu.